Kupanda Ngozi: Maneno kwa Wakazi na Waongozaji wa Wageni



Mgeni anayeacha barabara ya Mbeya–Tukuyu ili kulitazama Ziwa Ngozi huuliza swali lile lile: mvuke uko wapi? Amesikia kwamba hapa ni eneo la jotoardhi, akatarajia maji yachemkayo. Baada ya mwendo wa saa moja hivi msituni, anakuta maji ya kijani, baridi na tulivu, chini kabisa ya kuta za mwamba. Baadhi yao huondoka wakidhani wamedanganywa.

Ngozi ni mlima wa volkano ulioporomoka kilele, na ziwa limejaa katika shimo lililobaki. Joto halikutoweka, limejificha. Mvua ya Uporoto huzama katika nyufa za miamba na kupata moto huko chini. Baadhi ya wataalamu wanaona kwamba maji hayo husafiri ardhini kuelekea kaskazini-magharibi, hata yakaibuka katika chemchemi za Songwe, umbali upatao kilomita 35, yakiwa na nyuzi zaidi ya 70 za Selsiasi. Mvuke anaoutafuta mgeni uko kule. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, iliyo tanzu ya TANESCO, inalichunguza eneo letu kwa nia ya kuzalisha umeme, na makadirio ya joto la chini yanapita nyuzi 200. Basi msitu ule unaoipokea mvua si wa kutazamwa kama kuni zisizo na mwenyewe.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni hewa ya ukaa. Hutoka ardhini katika sehemu kadhaa za Rungwe, na hupenya pia katika maji ya Ngozi. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tuivutayo, hutuama mabondeni na mashimoni pasipo upepo. Ndege aliyekufa shimoni bila jeraha hakurogwa. Mwaka 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilifoka gesi hiyo usiku, wakafa watu zaidi ya 1,700. Ziwa na ziwa hutofautiana, wala sisemi kwamba letu litafanya vivyo hivyo. Nasema tu kwamba mtoto asitumwe kuchungulia mashimo.

Kwenu vijana waongozaji: safari iishie ukingoni. Najua mgeni akiongeza noti, njia ya kushukia majini hupatikana. Ukuta ule ni mkali, udongo wake huteleza hata wakati wa kiangazi, na atakayevunjika mguu kule chini atapandishwa kwa mabega ya nani? Hadithi ya mali ya Wajerumani iliyozamishwa ziwani isimulieni mpendavyo, hunogesha safari. Ila simulieni mkiwa juu.

Ondokeni asubuhi, kwa maana ukungu ukifunga mchana mgeni hataona ziwa wala ninyi hamtaiona njia. Abebe koti la mvua hata jua likiwaka, na viatu vyenye meno. Eneo hili ni hifadhi ya msitu: kila anayetozwa kiingilio adai stakabadhi, na asiyepewa atoe taarifa katika ofisi ya kata siku hiyo hiyo.