SAUTI YA NYUMBANI ITUFIKIE

(Hotuba ya Kamati ya Jumuiya, iliyosomwa mbele ya wakazi na wageni katika Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Wengi wetu tuliosimama hapa tumetoka Musaga, kusini mwa Bujumbura. Tulizoea kujua habari za mtaa kwa redio, na kwa jirani aliyesikia redio kabla yetu. Mwaka 2015 hayo yalikatika. Mwishoni mwa Aprili matangazo ya moja kwa moja kutoka kwenye maandamano yalipigwa marufuku, na mitandao ya kijamii ikazuiwa kwenye simu. Tarehe 13 na 14 Mei, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema vilishambuliwa na kunyamazishwa. Kamati hii haifanyi siasa, na leo hatukuja kumhukumu mtu. Tunataja hayo kwa sababu ndiyo chanzo cha jambo tunalotaka kulieleza.

Baada ya hapo, waandishi waliokimbilia Kigali walianza kutuma vipindi kwa njia ya intaneti, kama vile Inzamba na Humura. SOS Médias Burundi nayo ilianza mwezi ule ule wa Mei kwenye mitandao ya kijamii. Walikuwa hawana mnara wala masafa. Walikuwa na kompyuta, maikrofoni na programu. Mwaka 2021 vyombo vya Warundi vilivyokuwa Kigali vilitakiwa kusimamisha matangazo kutoka huko. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kujifunza kwamba sauti inaweza kusafiri bila mnara.

Sasa tuwaeleze yaliyotupata sisi wenyewe. Mama mmoja wa kambi hii alifiwa na kaka yake Musaga. Hakuweza kwenda kuzika. Vijana wetu wakapatana na vijana wa kule warushe mazishi moja kwa moja, ili mama aone. Wakatuma picha yenye ubora mkubwa. Padri alipoanza kusema, picha ikaganda. Mama alisikia maneno matatu, kisha kimya. Alikaa mbele ya ile simu mpaka watu wakatawanyika. Kosa lilikuwa letu: hatukujua tunachokituma kina uzito gani.

Basi tukajifunza, na leo tunawagawia.

Maikrofoni inapopokea sauti, kompyuta huipima mara nyingi sana na kuiandika kwa tarakimu. Katika sahani ya muziki, yaani CD, hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kwa pande mbili, kulia na kushoto. Hesabu yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde moja. Mzigo huo hauwezi kupita kwenye mtandao wetu. Hapo ndipo programu inapofanya kazi: inaisimba sauti, yaani inaiandika upya kwa ufupi, ikiacha yale ambayo sikio la mtu halitayakosa. Kwa njia iitwayo Opus, iliyokubaliwa kuwa kanuni mwaka 2012, maneno ya mtu yanasikika vizuri kwa kilobiti 24 tu kwa sekunde. Ni kama kufunga godoro kwa kamba: likifika linafunguliwa na mtu analalia.

Picha nayo husimbwa. Programu huandika picha moja nzima, halafu kwa muda huandika yale tu yaliyobadilika. Watu waliokaa wametulia hawana uzito mkubwa, lakini ngoma ina uzito. Na mkono wa mpiga picha ukitetemeka, kila kitu kinaonekana kimebadilika, na mzigo unaongezeka bure. Kwa hiyo simu iwekwe juu ya meza au ifungwe kwenye mti.

Kwa upande wa gharama, hesabu ni hii. Sauti ya kilobiti 24 inakula karibu megabaiti 11 kwa saa moja. Picha ya kilobiti 1,500 inakula megabaiti 675 kwa saa hiyo hiyo. Mwenye bando dogo na achague mwenyewe.

Programu zenyewe hazinunuliwi. OBS Studio inachanganya picha na sauti na kuzirusha. BUTT inarusha sauti peke yake, tena kwenye kompyuta kuukuu. Icecast inakaa kwenye seva, inapokea mkondo mmoja kutoka kwetu na kumpa kila msikilizaji nakala yake. Faida yake ni kwamba aliye Musaga anatuma mara moja tu, hata kama wasikilizaji ni mia. Kabla ya kuanza, apime kasi ya kutuma, maana ile ya kupokea mara nyingi ni kubwa zaidi na inadanganya. Kisha atumie nusu ya kasi aliyoipata, nusu nyingine iwe akiba.

Siku ya kuondoa matanga tulijaribu tena, safari hii kwa sauti peke yake, kilobiti 24. Mama alikaa na jamaa kuizunguka simu moja yenye spika ndogo. Ilidumu saa mbili bila kukatika. Mzee wa familia alipotaja watoto wa nyumba ile, alimtaja na yeye kwa jina. Mama akaitika kwa sauti: "Karame!" Kule hawakuweza kumsikia, kwa kuwa mkondo unakwenda upande mmoja, tena ulichelewa kama sekunde 20. Wao walikuwa wameshapita kwenye jina lingine. Lakini sisi tuliokuwa naye tulimsikia, na hakuna aliyemwambia kwamba kuitika kwake hakufiki.

Ndugu zetu, tuna tahadhari pia. Kinachorushwa moja kwa moja hakisahihishwi. Neno likitoka limetoka. Waliobaki nyumbani bado wanaishi huko. Kwa hiyo tumekubaliana mambo manne. Kwanza, wenye msiba waombwe ruhusa kabla. Pili, sura za watu na mlango wa nyumba visionyeshwe, sauti inatosha. Tatu, neno la siri la kurushia litunzwe kama ufunguo wa nyumba, na kiungo wapewe wanafamilia tu. Nne, kama kuna rekodi, familia ndiyo itakayoamua ibaki au ifutwe.

Kwa wageni wetu wa mashirika, tunashukuru kwa maji, kwa mgao, kwa shule na kwa zahanati. Hatuombi studio. Tunaomba umeme wa kuchaji katika jengo la vijana, kompyuta moja hata iliyokwisha kutumika, na mahali penye mtandao wenye kasi ya kutuma. Mkimbizi hushiba kwa chakula, lakini kuna njaa ya kusikia jina lako likitajwa nyumbani, na hiyo haipimwi kwenye mizani ya mgao.

Kwa vijana: aliyejifunza awafundishe wawili. Tutaanza mafunzo chini ya mwembe, kwa simu tulizo nazo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mungu awalinde waliobaki, na awafariji waliozikiwa wao wakiwa mbali.