Mfanyabiashara na Programu: Kuandika au Kuagiza?

Swali lililo mbele yetu ni kama mfanyabiashara wa leo anaweza kufanikiwa bila kujua kuandika programu za kompyuta. Anaweza. Jack Ma alikuwa mwalimu wa Kiingereza kabla ya kuanzisha Alibaba mwaka 1999. Tatizo ni kwamba wengi wakilipata jibu hilo huondoka wakiamini kuwa mambo yote ya kompyuta wamwachie kijana wa IT. Hoja yangu ni kwamba uandishi wa programu unaweza kukodiwa, lakini kujua programu ifanye nini, na kuikagua inapoletwa, ni kazi ya mwenye biashara.

M-Pesa inalionyesha hilo vizuri. Programu yake ya awali iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Uingereza, si na Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya inayoiendesha. Majaribio yalianza Kenya mwaka 2005, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, na lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu. Wakopaji wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliosimamia mradi waliliona hilo wakabadili huduma, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma fedha. Ugunduzi huo ulitokana na kuwatazama wateja, na hakuna uhodari wa kuandika programu ambao ungeuleta.

Tuje kwenye hesabu ya dukani. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni 18%. Bidhaa inauzwa Sh118,000, VAT ikiwa ndani, na mwenye duka anamwambia fundi wa programu, "Toa VAT asilimia kumi na nane." Fundi anatii: programu inakata 18% ya 118,000, yaani 21,240, inabakiza 96,760. Njia sahihi ni kugawa kwa 1.18, upate bei ya 100,000 na kodi ya 18,000. Kila mauzo ya namna hiyo yanaonyesha kodi iliyozidi kwa Sh3,240, na programu haitalalamika kwa kuwa imefanya ilichoagizwa. Mwenye duka hakuhitaji kujua lugha ya programu kama Python. Alihitaji kuieleza hesabu yake hatua kwa hatua, kisha kuijaribu programu kwa risiti ambayo jibu lake analijua. Mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa sasa na kulipiwa baadaye, ina mitego zaidi: mteja akirudisha nusu ya mzigo, deni linapungua lini, na mzigo unarudi stoo kwa bei ipi? Asipoambiwa, fundi atabuni.

Kutokagua kuna gharama kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1999 posta za Uingereza zilianza kutumia mfumo wa hesabu wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na wasimamizi wa matawi zaidi ya 900 wakatiwa hatiani, wengine wakafungwa. Uongozi ulishikilia kwa miaka kwamba mfumo ni imara. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kuwa ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge likafuta hukumu kwa sheria. Wataalamu walikuwapo muda wote huo. Aliyekosekana ni kiongozi wa kuuliza imekuwaje watu wengi hivyo, waliokuwa waaminifu, wageuke wezi kwa mpigo.

Kuna watakaomtaja Bill Gates. Ni kweli aliandika programu, lakini programu ndiyo iliyokuwa bidhaa yake. Muuza vitenge hana sababu ya kumuiga. Pingamizi zito zaidi ni kwamba asiyejua atapunjwa na fundi. Nalikubali kwa sehemu, na ndiyo maana sipingi mtu kujifunza kidogo: fomula za Excel, hasa ile ya IF, zinafundisha kufikiri kwa masharti kwa gharama ndogo kuliko kozi yoyote. Wengine wanasema akili mnemba imemaliza mjadala, maana sasa inaandika programu kwa maelezo ya kawaida. Lakini ukiipa agizo lile la VAT bila kusema kama bei ina kodi ndani, nayo italazimika kukisia.

Muda wa mafunzo ya wafanyabiashara wetu ningeugawia kwanza kuandika maagizo na kukagua kazi, halafu mkataba: nywila za mfumo na nakala ya taarifa za wateja zinabaki kwa nani siku fundi akihamia kampuni nyingine.