Jani Jipya la Mgomba Lisipofunguka

Mazungumzo ya Bwana Shamba na wenye migomba wa Igogo, Mwanza



Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya jani moja tu la mgomba, yaani lile jipya litokalo katikati likiwa limejikunja kama sigara. Wengi wenu hapa Igogo hamna mashamba ya kupimwa kwa eka. Mna mashina mawili matatu nyuma ya nyumba, kati ya mawe, mahali yanapopita maji ya kuogea. Hata hivyo mashina hayo yanalisha watoto, na jani lile jipya ndilo linalotangulia kutoa habari mgomba unapopata shida. Likikawia kufunguka, usilidharau. Pengine ni kiu, na dawa ya kiu ni maji. Pengine ni maradhi ambayo dawa yake ni jembe tu. Yakupasa ujue kuyapambanua.

JANI HUFUNGUKAJE

Jani la mgomba halianzii juu. Huanzia chini kabisa, kwenye tunguu lililo ardhini, likapanda ndani ya shina hata likatokeza kileleni. Hapo hujaa maji, nayo nguvu ya maji hayo ndiyo inayolikunjua. Mgomba wenye afya, wakati wa joto na mvua, hutoa jani jipya kila siku 7 mpaka 10. Wakati wa ukavu huenda ukachukua wiki mbili au zaidi.

Basi usikisie, hesabu. Funga uzi kwenye kikonyo cha jani lililofunguka leo, kisha uhesabu siku mpaka linalofuata litakapofunguka.

Wako watu ambao, wakiona jani limekawia, hulikunjua kwa vidole au kulipasua kwa kisu. Usifanye hivyo. Jani changa ni laini, litachanika, na kilichochanika hakiungi tena. Tena kisu kilichotoka kwenye shina gonjwa huweza kupeleka mnyauko kwenye shina zima. Neno hili lawafaa hata wale wanaopanda maua katika makopo barazani: jani lililokwama lipe maji ya kutosha kwenye udongo, usilivute.

KIU NA NJAA

Kwetu Mwanza kiangazi ni kuanzia Juni mpaka Septemba. Udongo wa kilimani Igogo ni mchanga mwembamba uliokaa juu ya mawe, haushiki maji. Kwa hiyo, jani likikawia miezi hiyo, hali majani mengine ni ya kijani na marefu kama kawaida, shuku kiu kwanza. Shina lenye nafasi ya mita 2 kwa mita 2 lataka kama madebe 5 ya lita 20 kwa wiki mvua isiponyesha. Ukiwa na madebe 3, mimina hayo 3, lakini uyamimine jioni, kisha ufunike ardhi kwa nyasi au majani makavu. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya matandazo na shina, ili fukuzi wa migomba wasipate maficho. Maji yaliyosuuzia vyombo yafaa. Maji mazito ya sabuni ya kufulia usiyamwage hapo kila siku.

Kwa wale walio bondeni karibu na ziwa, taabu huweza kuwa kinyume. Maji yakituama, mizizi huoza, na mgomba hukosa maji ingawa umesimama ndani ya maji. Hapo chimba mfereji.

Njaa nayo ina alama zake. Jani jipya likitoka limekunjamana, au sehemu ya bapa lake haipo, huenda udongo umepungukiwa chokaa au boroni, jambo la kawaida katika udongo wa mchanga. Tia samadi iliyooza, madebe 2 kwa kila shina kabla ya mvua, na majivu kidogo ya jikoni.

Ukimwagilia na kutia samadi, angalia majani mawili au matatu yatakayofuata. Yakifunguka vema, shida imekwisha. Yakizidi kuwa mafupi, soma sehemu inayofuata kwa makini.

MARADHI YA SHADA

Uko ugonjwa wa virusi ambao hufanya majani mapya ya mgomba yatoke mafupi, membamba, yamesimama wima, na kukusanyika kileleni kama shada la maua. Kingo zake huwa za manjano, nayo huvunjika upesi. Mgomba hudumaa, na mara nyingi hauzai kabisa. Alama ya hakika zaidi ni hii: pangusa unga mweupe ulio chini ya jani na kwenye kikonyo, kisha utazame penye mwanga. Ukiona vinukta na vistari vya kijani kilichoiva kufuata mishipa, shuku maradhi haya.

Usiyachanganye na mnyauko ulioonekana Kagera mwaka 2006. Mgomba wenye mnyauko majani yake yaliyokwisha kufunguka hugeuka manjano na kulegea, na shina likikatwa hutoa uteute wa manjano.

Maradhi ya shada hayamdhuru mtu, wala hayakai udongoni. Huenezwa na vidukari weusi wadogo wakaao kwenye magamba ya shina na ndani ya jani lililojikunja, na huenezwa na sisi wenyewe tunapobeba machipukizi. Chipukizi lililoambukizwa huweza kuonekana zima kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo penye hatari.

Ugonjwa huu umekaa miaka mingi Kongo, Burundi na Rwanda, na katika miaka hii ya 2020 umeonekana mkoani Kigoma. Reli ya Kigoma hukutana na yetu Tabora, na reli yetu imefika Mwanza tangu mwaka 1928. Chipukizi moja katika gunia la mgeni latosha. Mgeni akikuletea zawadi hiyo, mshukuru sana, lakini usiipande.

UFANYEJE UKIUSHUKU

1. Usikate wala kung'oa kitu siku hiyo. Mwite Bwana Shamba wa kata aje kuutazama.

2. Akithibitisha, ua vidukari kwanza kwa dawa atakayokuelekeza, maana ukiutikisa mgomba wakiwa hai watahamia kwa jirani.

3. Ng'oa shina zima pamoja na tunguu na machipukizi yote, hata yanayoonekana mazima, kwa kuwa yote yanatoka katika tunguu moja.

4. Katakata vipande vidogo, uviache vikauke papo hapo. Usimpe mtu.

5. Rudi kila wiki. Kila kinachochipua, king'oe.

Najua ni vigumu kung'oa mgomba uliokulisha. Lakini ukiuacha, wauacha kwa ajili ya mtaa mzima. Huko Australia, katika miaka ya 1920, maradhi haya yalikaribia kumaliza kilimo cha ndizi. Wakulima waliokolewa kwa mambo mawili: kung'oa migomba migonjwa kwa amri ya sheria, na kupanda mbegu safi tu. Hakuna aliyefaulu peke yake huku jirani yake akificha.

Unapotaka kupanda tena, mwulize Bwana Shamba mahali pa kupata miche iliyokaguliwa. Kituo cha utafiti cha Maruku, mkoani Kagera, ndicho kinachoshughulikia migomba katika kanda hii ya ziwa.

Basi, ndugu zangu, kesho asubuhi pita nyuma ya nyumba, uinue macho ulitazame jani la katikati. Kisha umwonyeshe jirani yako naye alitazame la kwake.