Deni la matangazo ya serikali

Kenya ilipozima mitambo ya analojia Februari 2015, vituo vya televisheni vya Citizen, NTV na KTN vilitoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili, wamiliki wakikataa kutegemea mitambo ya wengine. Dijitali ikaleta vituo vingi vipya, navyo vikagombania fedha zile zile za matangazo ya biashara, huku Google na Facebook zikichota humo humo. Wapo wanaosema watazamaji wamehamia kwenye simu, kwa hiyo wenye vituo wajilaumu wenyewe mapato yakipungua. Sikubali. Habari nyingi zinazosambaa kwenye simu hukusanywa na waandishi wanaolipwa na vituo hivyo hivyo. Tena serikali, mteja mkubwa, hukawia sana kulipia matangazo yake. Kituo kidogo kinachotangaza kwa Kikamba au Kijaluo hakina uwezo wa kuikopesha Nairobi.