Hati ya Kumwaga Maji ni Ulinzi wa Kazi Yetu

(Hotuba ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama wanaofanya kazi katika machimbo ya mchanga na kokoto. Imepigwa chapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Nimeombwa niseme juu ya hati ya kumwaga maji machafu. Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya ofisi. Sisi tunataka habari za mishahara." Ndugu zangu, habari ninayoleta ni ya mishahara.

Kabla sijawa Katibu nilikuwa mtu wa pampu katika machimbo fulani ambayo jina lake sitalitaja. Tulikuwa tukiosha mchanga kwa maji ya mto, kisha maji yale yenye tope tukiyarudisha mtoni kwa mtaro. Siku moja wamama wa upande wa chini walikuja langoni wamebeba madebe ya maji yaliyofanana na chai ya maziwa. Gadi akawafukuza, na sisi, nakiri mbele yenu, tulicheka. Baada ya miezi michache wakaja wakaguzi wa serikali. Wakauliza hati ya kumwaga maji, hati haikuwako. Mashine zikazimwa siku ile ile. Tajiri alikuwa na machimbo mengine, kwa hiyo yeye hakulala njaa. Sisi vibarua tulikaa nyumbani majuma saba bila senti. Tangu siku hiyo sijacheka tena juu ya maji.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwenye kiwanda au biashara haruhusiwi kumwaga maji machafu katika mazingira bila leseni ya Mamlaka ya Mazingira, ile tunayoiita NEMA. Tena Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka kibali kwa mtu anayetumia maji ya mto kwa kazi kama yetu, na kibali kwa mtu anayetia uchafu katika mto. Hicho hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Basi milango ni miwili, na mwajiri aliyebisha mmoja tu hajamaliza kazi.

Wengine huniuliza, "Mchanga umetoka mtoni, na tope limetoka mtoni. Tukilirudisha, kosa liko wapi?" Ni swali zuri. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka mpaka wa miligramu 30 za chembe za tope katika lita moja ya maji yanayomwagwa. Tuseme machimbo yanamwaga lita 100,000 kwa siku. Kwa kipimo hicho, tope lote la siku nzima halipiti kilo 3, yaani halijazi hata karai. Lakini maji yanayotoka moja kwa moja kwenye chekeche yaweza kuwa na miligramu 3,000 katika kila lita. Hesabuni wenyewe: hizo ni kilo 300, sawa na mifuko 6 ya sementi inayomwagwa mtoni kila siku. Tope hilo huziba mashimo ya samaki, hujaza mabwawa ya wakulima, na huingia katika mitungi ya jirani zetu. Na wengine wa jirani hao ni wake zetu na watoto wetu.

Dawa yake si ya ajabu. Ni mabwawa ya kutulizia maji, mawili au matatu yanayofuatana. Mchanga huzama mara moja. Udongo laini huchukua saa nyingi. Udongo wa mfinyanzi huweza kukaa majini siku nzima na zaidi. Kwa hiyo maji lazima yapewe nafasi na muda. Bwawa lililojaa tope nusu limepoteza nusu ya muda huo. Mashine mkiiona inakwenda mbio huku bwawa halijachotwa tope, jueni kwamba hati iko hatarini hata kama imetundikwa ukutani katika fremu nzuri. Yale maji yaliyotulia, afadhali yarudishwe kwa pampu yaoshe tena mchanga. Yakitumika tena, yanayokwenda mtoni hupungua. Maji ya mvua nayo yachimbiwe mtaro wake wa kuzunguka machimbo, yasije yakafurisha mabwawa. Na dizeli na oili ya mashine ziwekwe mbali na maji, kwa maana kanuni zile za 2006 hazikuruhusu mafuta hata kidogo.

Mwajiri akitaka leseni, hujaza fomu, hulipa ada, hueleza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na huleta majibu ya maabara iliyokubaliwa. Hapo ndipo macho yenu yanapotakiwa. Niliwahi kuona chupa ya kupima ikijazwa Jumapili, mashine zimelala, maji yametulia kama kioo. Majibu yake yalikuwa mazuri sana, na yalikuwa ya uongo. Chupa ijazwe siku ya kazi, mahali maji yanapotokea, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi.

Pia hati haiishii siku ya kutolewa. Ina masharti, ina tarehe ya mwisho, na ina vipimo vya kuandikwa na kupelekwa. Nani anayetunza masharti hayo? Si karani wa Nairobi. Ni yule mtu wa pampu, na yule anayechota tope kwa sepetu. Kama kazi hiyo ni yao, basi wapewe saa za kuifanya, mabuti na glavu, na malipo yake. Wasiambiwe waifanye baada ya zamu kama fadhila.

Naona mtu pale nyuma anataka kuuliza, "Nikisema, sitafukuzwa?" Hofu hiyo naijua. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi, isipokuwa malalamiko yawe ya ovyo yasiyo na msingi. Na Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Anayekwenda mahakamani kuidai halazimiki kuonyesha kwamba mtu fulani amekwisha kuumia. Hata hivyo, asiende mtu peke yake. Andikeni tarehe, saa na mlichokiona, kisha mlete kwa Chama. Tutaanza kwa mwajiri, tumpe nafasi ya kutengeneza. Hatutafuti kufunga machimbo. Tunatafuta yasifungwe.

Bwana Mwenyekiti, naleta mambo matatu mkutano uyapigie kura. La kwanza: kila tawi liombe kuonyeshwa leseni na vibali vya maji, na kuandika tarehe vinapokwisha. La pili: mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, ambapo sheria ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama na afya, habari ya mabwawa isemwe katika kila kikao. La tatu: katika mapatano yajayo na waajiri tudai kwamba machimbo yakifungwa kwa kosa la mwajiri kukosa hati, mshahara wa mfanyakazi uendelee. Kosa si lake, na njaa isiwe yake.

Wale wamama wa madebe walitujia mapema kuliko wakaguzi. Lau tungaliwasikiliza siku ile, tusingalikaa majuma saba nyumbani. Wakija tena langoni, muwakaribishe.

Umoja ni nguvu.