Mlango Kufungwa si Ghala Kuungua

Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka



Katibu aliponiandikia alinitaka niseme machache juu ya kazi yangu ya ufundi wa kompyuta. Nilifikiri kuzungumzia maendeleo ya sayansi, lakini nimeona afadhali niwasimulie kosa langu moja. Naamini litawafaa zaidi.

Mwaka 2022 nilikuwa nikitunza kompyuta kuu ya chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Humo ndimo zilimokuwa kumbukumbu za kila mkulima: kilo alizoleta, bei, na malipo yake. Kompyuta ile iliendeshwa na Linux ya Debian, na kumbukumbu zilikaa katika diski mbili zilizopangwa kwa mfumo wa mafaili uitwao ZFS.

Ijumaa moja jioni niliweka kiini kipya cha mfumo endeshi. Kiini, au kerneli kama tunavyoiita mafundi, ndicho kinachosimamia diski, kumbukumbu na programu zote. Kukibadili ni kazi ya kawaida, maana viini vipya huziba matundu ya usalama. Nilizima mashine, nikaiwasha, nikaona taa zinawaka, nikaenda zangu nyumbani. Sikukagua kitu kingine. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Jumamosi ilikuwa siku ya malipo. Saa mbili asubuhi mama mhasibu akanipigia simu: "Mwanangu, daftari ni tupu." Nilikwenda mbio. Kweli, folda ya kumbukumbu ilikuwapo, lakini ndani hamkuwa na hata faili moja. Nikatamka mbele ya watu, "Zimepotea." Hilo lilikuwa kosa la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Neno lile lilifika chini ya mwembe walikoketi wakulima kabla mimi sijavuta kiti. Mzee mmoja akaja mlangoni ameshika stakabadhi zake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Badala ya kuitikia akaniuliza, "Na kilo zangu je, nazo zimepotea?" Sikuwa na jibu.

Kijana niliyefanya naye kazi akashauri tuzipange diski upya, kisha turudishe nakala ya akiba. Nakala ilikuwapo, ya siku tisa nyuma, lakini hatukuwa tumewahi kujaribu kuirudisha hata mara moja. Kwa hofu niliyokuwa nayo, nilikaribia kukubali.

Hapo nikakumbuka maabara yetu ya fizikia. Mwalimu alitupa betri, nyaya, swichi na balbu. Balbu isipowaka, sisi tulikimbilia kubadili balbu. Yeye alitukataza, akatuambia tuanze kwenye betri, tufuate waya hadi pale umeme unapokatika, wala tusibadili kitu kabla hatujapajua mahali penyewe. Basi nikachukua karatasi, nikaanza kwenye betri.

Wanafunzi mnaopenda kompyuta, tafadhali andikeni hatua hizi.

Swali la kwanza: je, diski zinaonekana? Niliandika amri lsblk -f. Zote mbili zilionekana, na kila moja ilikuwa bado na alama ya ZFS. Swali la pili: ni kiini kipi kinachofanya kazi? Amri uname -r ikajibu kuwa ni kile kipya. Swali la tatu: je, kiini hiki kinaijua ZFS? Niliandika modprobe zfs, nikajibiwa kuwa moduli hiyo haipo. Waya ulikuwa umekatika hapo.

Sababu yake ni hii. Mifumo kama ext4 hutolewa pamoja na Linux yenyewe. ZFS, iliyoanzia katika kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa hadharani mwaka 2005, haimo humo kwa sababu ya masharti ya leseni. Kwa hiyo katika Debian moduli yake hujengwa upya kwa kila kiini kipya, na programu iitwayo DKMS ndiyo ifanyayo kazi hiyo. Ili kuijenga, DKMS huhitaji mafaili ya vichwa ya kiini kilekile. Mimi niliweka kiini nikaacha vichwa vyake. Amri dkms status ilinionyesha moduli ya kiini cha zamani peke yake. Nilikuwa nimebadili kufuli la ghala bila kuchongesha ufunguo. Na ile folda tupu ilikuwa kizingiti tu, yaani mahali ambapo mfumo wa mafaili hupachikwa ili tuyaone yaliyomo.

Nikaiwasha mashine upya, na katika orodha ya mwanzo nikachagua kiini cha zamani, ambacho Debian ilikuwa imekihifadhi. Folda ikajaa. Amri zpool status ikasema hakuna kosa lolote. Tukachukua kwanza nakala mpya, na saa tano wakulima wakaanza kulipwa. Jioni niliweka vile vichwa, DKMS ikajenga moduli, nikawasha kwa kiini kipya, na kumbukumbu zikafunguka bila shida.

Mara nyingine moduli haisahauliki, bali huondolewa makusudi. Mathalani ReiserFS, iliyoingia katika Linux mwaka 2001, iliondolewa katika toleo la 6.13 lililotoka Januari 2025. Diski yenye mfumo huo haitapachikwa na kiini hicho, hata kama mafaili yake yote ni mazima. Dawa yake ni kuwasha kwa kiini cha zamani, kuipachika kwa kusoma tu, na kuyanakili mafaili kwenye mfumo mwingine. Atakayeipanga upya kwa pupa ndiye atakayeyapoteza.

Tangu siku ile sibadili kiini katika mkesha wa siku ya malipo. Naweka vichwa pamoja na kiini, kisha nakagua kama mafaili yanafunguka ndipo niondoke. Nakala ya akiba naijaribu kuirudisha kila mwezi. Na neno "zimepotea" silitamki kabla sijaufuata waya wote.

Yule mzee alipokwisha kulipwa nilimwendea kumwomba radhi. Akazihesabu fedha zake taratibu, akazitia mfukoni, akaniambia, "Siku nyingine, mwanangu, tazama kwanza ndipo useme." Sikumwambia kuwa niliwahi kufundishwa hayo hapa shuleni. Niliona haya.