Dishi lako, king'amuzi cha nani?



Juma hili nataka tuzungumzie madishi ya televisheni. Tutaanzia mbali kidogo, Marekani, kisha turudi Dar es Salaam, kwa maana jambo lenyewe liko kule na liko huku vilevile.

Huko Marekani wako watu, wengi wao wastaafu, wanaonunua magari makubwa yaliyo nyumba kamili. Ndani mna vitanda, jiko, choo na, bila shaka, televisheni. Baridi ikizidi kaskazini, wanawasha gari na kwenda kusini. Juu ya paa la gari huwekwa antena iliyofunikwa kwa kuba la plastiki, ambayo hujitafutia setilaiti yenyewe kila gari linapoegeshwa mahali papya. Si kifaa cha bei ndogo.

Sasa basi, kwa miaka mingi soko la televisheni ya setilaiti katika nchi ile limeshikwa na kampuni mbili, DIRECTV na DISH. Setilaiti zao haziko mahali pamoja angani. Tena DIRECTV iliweka sehemu kubwa ya picha zake za ubora wa juu, zile ziitwazo HD, katika masafa ya Ka, ilhali makuba mengi ya magari yametengenezwa kupokea masafa ya Ku peke yake. Matokeo yake, mzee wa watu anakuwa na kuba zima, king'amuzi kizima na televisheni nzima, na ada amelipa, lakini picha ya HD haioni. Akisema ahamie kampuni ya pili, king'amuzi chake hakimfai tena, na pengine hata kuba lenyewe. Hakuna kilichoharibika. Vifaa havielewani, basi.

Utasema, hayo ni matatizo ya matajiri wa Marekani, yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Nyumba zetu hazina magurudumu, lakini tunahama. Mpangaji wa Dar es Salaam, kodi ikipandishwa, hupakia kitanda, kabati, jiko la gesi na dishi lake juu ya kirikuu, akaelekea mtaa mwingine. Na huko ndiko anakogundua kwamba dishi si kabati. Kabati utaliweka popote.

Nieleze kwa ufupi. Setilaiti hizi za televisheni zimekaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, nazo huzunguka sambamba na dunia, hata kwetu zikaonekana kama zimesimama. Kila moja ina nyuzi zake. Kwa miaka mingi matangazo ya DStv kwa eneo letu yamekuwa yakitoka nyuzi 36 Mashariki, na ya Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, nyuzi 7 Mashariki. Dar es Salaam iko nyuzi 39 Mashariki. Kwa hiyo setilaiti ya kwanza iko karibu na utosi wetu, na ya pili iko upande wa magharibi, karibu katikati ya utosi na upeo wa macho.

Maana yake ni nini kwa mpangaji wetu? Kama nyumba mpya imepakana na ghorofa refu au mwembe mkubwa upande wa magharibi, dishi la nyuzi 36 litaona bila taabu, na la nyuzi 7 huenda likazibwa. Fundi atapanda, ataligeuza, atapanda tena, na kila kupanda kuna malipo yake.

Hapo hatujagusa mpira. Mtanzania anayetaka kuwaona Simba na Yanga katika Ligi Kuu anahitaji Azam, maana mwaka 2021 kampuni hiyo ilitia saini mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Soka. Huyohuyo, akitaka pia kuiona Arsenal au Manchester United wakicheza ligi ya Uingereza, kwa miaka mingi mlango wake umekuwa DStv. Wapo wanaodhani dishi moja lenye vichwa viwili litamaliza kazi. Vichwa viwili hufaa kama setilaiti ni majirani. Kati ya nyuzi 36 na nyuzi 7 kuna mwachano wa nyuzi 29, na dishi la kawaida la nyumbani halina upana wa kutazama pande mbili kiasi hicho. Ndiyo sababu ukipita mitaani unaona bati moja lina madishi mawili, hata matatu. Na sebuleni, chini ya televisheni moja, kuna ving'amuzi viwili na rimoti tatu.

Madishi mawili ni kazi ya maumbile. Hatuwezi kuisogeza setilaiti. Lakini ving'amuzi viwili ni kazi ya wanadamu, na hapo ndipo nina neno.

Kufungua picha ya setilaiti kunahitaji mambo matatu. La kwanza ni kuipokea, na hiyo ni kazi ya dishi na kile kichwa chake ambacho mafundi hukiita LNB. La pili ni kuikunjua, maana picha husafirishwa ikiwa imebanwa. La tatu ni kuifungua kufuli yake, yaani ile siri inayohakikisha kwamba aliyelipa ndiye anayeona. Dishi ni chuma tu, halijui kampuni. Kubana na kukunjua kuna kanuni za kimataifa zinazotumiwa na karibu wote. Kinachozuia king'amuzi cha kampuni hii kufungua matangazo ya kampuni ile ni, kwa sehemu kubwa, lile kufuli.

Linganisha na simu. Ukinunua simu yako Kariakoo, unaweka laini ya kampuni uitakayo. Isitoshe, tangu Machi 2017 hapa Tanzania unaweza kuhama kampuni na namba yako ukaondoka nayo. Wakubwa wa simu hawakufa kwa hilo. Lakini king'amuzi ulichonunua kwa fedha yako, siku unapoacha kulipa kampuni iliyokuuzia, kinaweza kuwa kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Wala tabu hii si ya dishi tu. Majirani zetu Kenya walianza matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T. Muda si mrefu wakahamia DVB-T2, ambao ni bora zaidi. King'amuzi cha DVB-T2 kinaweza kusoma mfumo wa zamani, lakini cha zamani hakiwezi kusoma mpya. Waliowahi kununua mapema, wale walioitikia wito wa serikali kabla ya wengine, ndio walioachwa na vyombo visivyo na kazi. Mwaka 2015, wakati mitambo ya analojia ilipozimwa Nairobi, vituo vikubwa vya KTN, NTV na Citizen vilikaa nje ya hewa karibu wiki tatu katika mvutano kuhusu nani arushe matangazo yao, vikarudi na ving'amuzi vyao wenyewe.

Nasi tuna yetu. Tulianza kuzima analojia Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012. Kampuni zilizopewa leseni zilikuwa zaidi ya moja, na kila moja ikaja na king'amuzi chake. Wenye televisheni za chogo wakatoka mbio kununua. Ilipofika Agosti 2018, stesheni kadhaa za bure za hapa nchini ziliondolewa katika ving'amuzi vya dishi, kwa kuwa leseni za kampuni hizo hazikuziruhusu kuzibeba. Sitaki kubishana na sheria. Ninachosema ni kwamba mwananchi hakuwa amevunja leseni yoyote, lakini ndiye aliyelala akiwa na stesheni na kuamka hana. Aliyetaka kuziona tena wakati huo ilimbidi atafute king'amuzi cha antena.

Sasa, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kampuni nazo zina hoja. Mara nyingi king'amuzi huuzwa kwa bei iliyo chini ya gharama, kwa matumaini kwamba fedha itarudi katika ada ya kila mwezi. Haki za kuonyesha mpira hununuliwa kwa mabilioni, na kufuli likiwa dhaifu wezi wataingia. Hoja hizo ni za kweli. Lakini kufuli imara si lazima lijengwe ndani ya sanduku lisilobadilika.

Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba kila televisheni ya dijitali yenye kioo kinachozidi sentimita 30 iwe na tundu la wazi. Mteja huchomeka humo kifaa kidogo chenye kadi ya kampuni inayokubali kutumia tundu hilo. Kufuli linabaki la kampuni, televisheni inabaki ya mwenyewe.

Wahindi nao waliweka sharti la namna hiyo katika leseni za televisheni ya dishi tangu mwaka 2001. Lakini huko sharti lilibaki zaidi katika karatasi. Kampuni za mwanzo zilibana picha kwa mfumo wa MPEG-2, zilizofuata zikatumia MPEG-4, kwa hiyo hata tundu likiwapo, sanduku la zamani halikuweza kukunjua picha mpya. Mwaka 2020 mamlaka yao ya mawasiliano ilipendekeza upya kwamba ving'amuzi viingiliane. Tujifunze hapo: kuandika sharti ni hatua ya kwanza, kulisimamia ndiyo kazi.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kwa Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ni dogo. King'amuzi kinachoingia nchini kiandikwe juu ya boksi lake, kwa Kiswahili, kinapokea mfumo gani, kinafunguliwa na kampuni ipi, na kitabaki kuonyesha nini siku mteja asipolipa. Hilo halihitaji miaka mitano ya vikao. Suala la tundu la wazi lifuate, lijadiliwe na kampuni zenyewe zikiwapo, na lipewe tarehe.

Wewe nawe, msikilizaji, usingoje serikali kwa kila jambo. Kabla ya kutoa fedha, uliza. Kama ni king'amuzi cha antena, je, ni DVB-T2? Kama unanunua televisheni mpya, je, ina DVB-T2 ndani yake? Ikiwa nayo, huenda matangazo ya bure ya eneo lako ukayapata kwa antena tu. Kama ni king'amuzi cha dishi kinachorekodi, je, kinataka kichwa cha aina maalumu? Vingine ndivyo vilivyo, na hicho ulicho nacho hakitatosha. Na ukihama kampuni, usikubali upesi kuuziwa dishi jipya. Mwulize fundi kama lile la zamani linaweza kugeuzwa, maana mara nyingi linaweza. Ukihama nyumba, mwite fundi aitazame anga kabla hujalipa kodi ya miezi sita.

Mzee wa Marekani aliyenunua kuba lisilofaa ana pa kuegemea. Atauza gari, atanunua jingine. Mama wa Mbagala aliyedunduliza fedha ya vitumbua hadi akanunua king'amuzi ili wanawe waache kwenda kuchungulia mpira dirishani kwa watu, huyo hana cha kuuza. Chombo hicho ni mali yake kama sufuria lake lilivyo mali yake. Duka lililomuuzia sufuria halimwambii apike mchele wa nani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwa leo. Tuonane juma lijalo, panapo majaliwa. Kwaherini.